Nipige Windo Gani?

*Safu ya ushauri kwa wenye kompyuta kuukuu wa Nyanda za Juu Kusini*

Mshauri, shikamoo. Nasoma mwaka wa tatu hapa Iringa. Kaka aliniachia laptopu aina ya Dell Latitude E6420 yenye Windows 7, na nimeivumilia mengi. Asubuhi nikiiwasha naweza kwenda kuchota maji nikarudi, bado inazunguka. Nikiifungulia Chrome inanuna. Fundi wa Miyomboni anasema ni uzee wa windo tu: nimpe Sh 15,000 anipigie Windows 11, itakuwa mpya. Nimpe, au tuachane nitafute nyingine? — Nimechoka Kusubiri, Kihesa

Marahaba, mwanangu. Hela usiitoe bado, na kuachana ni mapema mno. Fundi amechanganya matatizo mawili akayapa jina moja. Kuchelewa kuwaka ni tatizo la vyuma. Latitude E6420 ni mashine ya mwaka 2011, na nyingi zilikuja na diski ya sahani inayozunguka. Diski ya namna hiyo ikishatumika miaka zaidi ya kumi husoma faili kwa kusuasua, uipigie windo ya mwaka wowote upendao. Ukiing'oa ukaweka SSD ya inchi 2.5, ambayo hukaa kwenye nafasi ileile, na ukaongeza RAM ya DDR3 ifike GB 8, mashine itakuwa imeshawaka kabla ndoo haijajaa. Windows 11 haitibu hilo hata kidogo, itaiongezea mzigo tu. Kama una hela ya jambo moja, anza na SSD.

Kununa kwa Chrome ndilo tatizo la programu, na hapo ndipo ushauri wangu wote ulipo. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na hata waliokuwa wakilipia waongezewe muda waliishia Januari 2023. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Google nayo ikaiacha: Chrome 109 ndiyo ya mwisho inayokubali kukaa humo. Tangu hapo kila tundu linalogunduliwa kwenye Chrome huzibwa kwa wenzako, kwako linabaki wazi, tena likiwa limeshatangazwa hadharani. Kinachoifanya kompyuta iwe hatari basi ni kukatika kwa marekebisho, awe amekata mtengenezaji au umekata mwenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye windo haisemi lolote kuhusu hilo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Wengi wa walioumia walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa, na kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Windo yao ilikuwa hai. Walichokosa ni kusasisha.

Kwa kipimo hicho itazame Windows 11 ya fundi wako. Microsoft inataka mashine iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Yako ni ya kizazi cha pili. Fundi analijua hilo, ndiyo maana flashi yake ina windo iliyochezewa ili isiulize maswali, na Microsoft wenyewe wanasema mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Windo nyingi za namna hii zimepunguzwa ziwe nyepesi, na cha kwanza kukatwa mara nyingi ni hiyo sehemu ya kusasisha. Halafu itabidi ikrakiwe, na kabla ya kukraki utaambiwa uzime antivairasi. Fikiria vizuri kinachofanyika hapo: programu usiyomjua mwenyewe inapewa mamlaka yote ya mashine, saa ileile mlinzi ametolewa nje. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia, ingawa sijasikia mtu aliyeacha kukraki kwa kuisoma. Hoja yangu ni ya mfuko wako. Unalipa Sh 15,000 ununue mbuzi kwenye gunia, na marekebisho yamekatika tangu siku ya kwanza.

Mashine yako inafaa kuwekewa mfumo wa Linux Mint badala ya Windows, ule wa Xfce. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litaletewa marekebisho hadi 2029, bure, na linakubali kukaa hata kwenye RAM ya GB 2. Faili lake ni kama GB 3, kwa hiyo lipakue kwa Wi-Fi ya chuo, usiunguze bando. Liweke kwenye flashi, uwashe mashine kutoka humo ujaribu sauti, Wi-Fi na printa bila kugusa kilichomo kwenye diski. Usipoipenda, chomoa flashi uzime. Windows 7 yako utaikuta pale ulipoiacha.

Najua utakachouliza: na utafiti wangu? LibreOffice hufungua faili za Word, na maoni ya msimamizi ya pembeni utayaona. Kinachoweza kuyumba ni mpangilio, hasa jedwali la yaliyomo na namba za kurasa, kwa hiyo nakala ya mwisho ipeleke kwa PDF. Kwa takwimu, PSPP hufungua faili za SPSS, ila haina kila kipimo. Muulize msimamizi unahitaji kipi kabla hujahama. Wapo pia ambao siwezi kuwashauri hivi. Mwanafunzi wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) anayechorea AutoCAD anahitaji Windows halisi, na kwake ni nafuu kudunduliza apate laptopu ya mtumba ya kizazi cha nane kuliko kulipia windo za kuchezea kila muhula. Wengine hukwepa Linux wakisema ni mambo ya Wazungu wasio na kazi. Hao wakumbushwe kuwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Pingamizi zito ni kwamba mafundi wengi wa mtaani hawaijui, ukikwama unakwama peke yako. Hilo ni kweli, na silidharau. Ndiyo maana nakwambia uijaribu mwanzoni mwa muhula, usisubiri wiki ya kukabidhi utafiti.

Habari za kazi, Mshauri. Nina steshenari Mwanjelwa, kompyuta tatu, zote Windows 10. Apdeti nimezizima kwa sababu zinakula bando. Wateja wananiambia Windows 10 imekufa. Mbona zangu zinachapa kazi kama kawaida? — Mama Steshenari, Mbeya

Nzuri, mama. Wateja hawajakudanganya. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta za watu binafsi muda umeongezwa hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Ila kwako tarehe zote hizo ni hadithi. Aliyezima apdeti amejitangulizia mwisho wa huduma mwenyewe, na mashine zako ziko pale walipokuwa wale wa WannaCry: marekebisho yalitolewa, hazikuyapokea. Kufanya kazi kama kawaida hakuthibitishi kitu. Anayeiba nywila hana haja ya kuharibu kompyuta. Anataka iendelee kufanya kazi, nawe uendelee kuandika.

Tena angalia ni nini kinachoandikwa hapo. Kwenye kiti chako mtu anajaza maombi ya mkopo wa HESLB, anafungua Ajira Portal, anaskani kitambulisho cha NIDA na cheti cha kidato cha nne, kisha anaondoka na faili linabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata isingekuwepo, jina la duka lako ndilo litakalotajwa sokoni akaunti ya mtu ikiingiliwa. Halafu kuna flashi. Unakijua kile kirusi cha shotikati: mteja anachomeka, folda zake zote zimegeuka vishale vidogo, na akibofya kimoja kirusi kinahamia kwenye mashine yako kusubiri flashi ya mteja anayefuata. Kirusi kile kimeandikiwa Windows. Ukitenga kompyuta moja kati ya tatu ukaiwekea Linux, iwe ndiyo ya kupokea flashi, vile vishale havitakuwa na la kufanya, na folda halisi ambazo Windows huzificha zitaonekana zilivyo. Kabla ya kuhama jaribu printa. Za HP mara nyingi hukubali zenyewe, baadhi ya Canon ndogo za leza husumbua.

Kuhusu bando, una haki ya kulalamika. Masasisho ya mwezi mmoja ya Windows yanaweza kufika mamia ya MB, na mara tatu si hela ndogo. Lakini hulazimiki kuyalipia mara tatu. Windows 10 ina mpangilio unaoruhusu kompyuta moja kupakua na nyingine za mtandao huohuo kuchukua kwake. Uwashe huo, weka saa za usiku wakati bando ni rahisi, na gharama iingize kwenye bei ya karatasi.

Mshauri, shikamoo. Ni mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa huku Tukuyu. Daftari la wanachama liko kwenye kompyuta yenye Windows XP. Haijawahi kuona intaneti. Vijana wa ofisini wanataka ipigwe windo mpya. — Mwenye Funguo

Marahaba. Vijana waache mikono yao mfukoni. XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na bado nakwambia isiguswe. Msomaji makini atasema najipinga. Sijipingi: marekebisho ni kinga dhidi ya kinachoingia kutoka nje, na mashine isiyofunguliwa kwa nje haina cha kukingwa. Ukiipiga windo mpya, programu ya daftari inaweza kugoma, na hapo wanachama watataka kujua akiba zao zimekwenda wapi. Ila hakikisha kweli imefungwa. Kama mhasibu mmoja huchomeka flashi ileile aliyotoka nayo steshenari, basi intaneti inafika Tukuyu kwa kutembea. Chama kiwe na flashi yake isiyotumika pengine popote. Hofu yangu kubwa iko kwenye diski, ambayo siku moja haitawaka, na kwa radi na umeme wa huko inaweza kuwa kesho. Nakili daftari kila wiki sehemu mbili, moja isilale ofisini, na mwezi huu jaribu kulifungua kwenye kompyuta nyingine. Likikataa kufunguka, anza mpango wa kulihamisha taratibu, kwa karatasi ikibidi.

Kijana, hii laptopu yangu haishiki chaji. Tena nikiizima ikilala, kesho inasema ni mwaka 2009 na tovuti zote zinakataa. Fundi anasema nipige windo. — Mzee wa Mafinga

Shikamoo, mzee. Chaji haihusiani na windo, nunua betri. Na hizo tovuti zinakataa kwa sababu cheti cha usalama cha kila tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini tuko 2009 inaviona vyote kuwa havijaanza. Ndani kuna betri ndogo ya duara inayotunza saa, nayo imekwisha. Mwambie fundi abadilishe hiyo, urekebishe tarehe, ufungue tovuti. Zikikataa bado, niandikie, na utaje namba ya windo uliyonayo.