Nimetajwa Jina Kolwezi

Shangazi, wasalimie wote hapo Tandika, hasa wale waliokwisha kuambiana kwamba nimekula meza moja na wasanii wa Kinshasa. Kula nimekula. Ila meza yenyewe ilikuwa namba 41, nyuma ya nguzo, jirani na mlango wa jikoni, na msanii niliyemwona vizuri nikiwa hapo ni mpiga tumba, tena kisogo chake.

Ilikuwa hivi. Bosi wetu alipewa kadi ya hafla ya hisani ya kuwachangia watoto wanaookota mawe ya madini wakati wenzao wako shule. Siku hiyo malori yetu matatu yalikuwa yamekwama mpakani Kasumbalesa, ikabidi aende mwenyewe, kadi akanitupia mimi. Kadi nene kama kigae, maandishi ya dhahabu, Kifaransa kitupu, na chini sharti moja: mje na mavazi ya enzi zile.

Enzi zile huku zina wenyewe. Wazee waliingia na abakosti, lile koti la Mobutu lisilovaliwa na tai, ambalo sisi tungeliita Kaunda suti yakaisha. Tai Mobutu alizipiga marufuku miaka ya 1970, zikarudi mwaka 1990, na wazee wengine naona hawajapata habari. Vijana wao walikuja na viatu vinavyong'aa kuliko sinia la harusi, na bei wanakutajia wenyewe kabla hujauliza. Mimi nilivaa suti ya marehemu mjomba, ile yenye suruali ya bugaluu uliyonikunjia kwenye begi ukisema "huwezi kujua". Mlinzi mlangoni akaniuliza bendi yetu inapanda saa ngapi.

Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili nikawa nimeketi, mimi, fundi wa spika na mfagizi. Chakula kilitoka saa nne na nusu usiku.

Mhudumu akaniinamia kwa adabu: "Papa, Simba ao Tembo?" Mimi na Yanga yangu unanijua. Nikamwambia Simba sitaki hata kumsikia, lete maji. Akanitazama kama mtu aliyefiwa. Kumbe Simba na Tembo huku ni bia, zinatengenezwa Lubumbashi. Na kama hiyo haitoshi, timu ya mpira ya mji huu wa Kolwezi nayo inaitwa Simba. Nimeikimbia Msimbazi nimeikuta Lualaba.

Mezani nilikaa na mzee mmoja mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Tulipokuwa tunangoja chakula akataja neno "posho", nami masikio yakasimama. Nikajua hapa ndipo penyewe, sasa hivi inapita karatasi ya kusaini. Nikatoa kalamu kabisa! Akacheka mpaka akavua miwani. Posho ya kwao si ile ya kikao, Shangazi. Ni unga, samaki, mafuta na maharage ambavyo kampuni ilimpimia mfanyakazi kwa kuhesabu watoto wake. Watoto wengi, gunia kubwa. "Wakati ya posho," akaniambia, "mutoto hakulala na njala. Na ku masomo banakunywa maziwa."

Masomo ndiyo shule kwa Kiswahili cha huku. Usicheke, chetu nacho kinawachekesha. MC aliposema tumpigie makofi "bibi ya patron" nikainuka nimpishe kiti ajuza wa watu, akapita binti wa miaka 30 hivi na gauni la kumeremeta. Bibi huku ni mke.

Basi mzee akanihadithia. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilianza mwaka 1906. Mobutu alipoitaifisha mwishoni mwa 1966 ikazaa hiyo Gécamines, nayo ilikuwa baba na mama: nyumba yake, hospitali yake, shule yake, hata timu za mpira. Mwaka 1986 ilitoa tani 476,000 hivi za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, hapahapa Kolwezi, ikaporomoka, na kampuni ikaporomoka nyuma yake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaambiwa chukueni hiki kidogo mwende nyumbani. Mzee alikuwemo. Alinunua basi dogo la abiria, likafa mwaka uleule.

Kinachonichanganya ni hiki. Leo Kongo inachimba shaba kuliko enzi zote za huyo mzee, zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka, na katika kobalti yote ya dunia zaidi ya theluthi mbili inatoka nchi hii, nyingi ikitoka mkoa huu wa Lualaba. Kwenye betri ya hiyo simu unayosomea huenda kuna kipande cha Kolwezi. Mtaa wa Kasulo mwaka 2014 mtu alichimba uani kwake akakuta madini, jirani akachimba, jirani wa jirani akachimba sebuleni, mtaa mzima ukawa mashimo. Mali ipo. Posho ndiyo haipo, badala yake tuna hafla.

Saa tano ndipo mwimbaji mkubwa akapanda. Kabla yake kulikuwa na wazee wanne na magita makavu, wakapiga mtindo wa Mwenda Jean Bosco, yule aliyezaliwa Bunkeya, mkoa huuhuu, ambaye mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alimrekodi pale Jadotville, leo Likasi, akiimba Kiswahili ambacho hata wewe ungekielewa. Gita moja unasikia kama wanapiga wawili. Wahudumu walisimama na sinia mikononi. Mzee wangu alifuta miwani mara tatu. (Bunkeya yenyewe ilikuwa makao ya Msiri, aliyetoka kwetu, upande wa Unyamwezi na Usumbwa. Mzee akasema basi mimi ni mukwe. Sijajua hesabu hiyo aliipigaje.)

Mwimbaji mkubwa sasa. Wanamuziki wa Kongo wana desturi wanaiita kutupa libanga. Libanga kwa Kilingala ni jiwe. Mwimbaji anakatiza wimbo na kulitaja jina lako, kwa raha, kwa mbwembwe, na wewe uliyetajwa unainuka kulipa. Ni kama kutunza kwenye taarabu, ila kwetu anayetunza huinuka kwa hiari yake. Huku jiwe linakufuata ulipo. Wimbo wa kwanza ulikwenda dakika 25. Nilihesabu majina 31 nikachoka. Alitajwa mkurugenzi wa malori. Alitajwa mwenye ghala la madini, Mchina, ambaye jina lake lilimshinda mwimbaji mara mbili, akamalizia na "Papa Ching" na mwenyewe akacheka akalipa. Alitajwa bibi ya patron. Akatajwa patron. Akatajwa mbwa wa patron, wallahi tena. Kila jina dola inabandikwa kwenye paji la uso linalotoka jasho, na kijana wa pembeni anazibandua na kuzipanga kama karata.

Katikati ya mawe hayo wakaletwa watoto. Walikuwa 12, sare mpya, shati jeupe na chini buluu, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Waliimba wimbo wa shukrani, mikono nyuma, macho darini. Walipomaliza, mdogo wao mmoja, miaka tisa hivi, hakushuka. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kurukaruka kwa makalio kuzunguka jukwaa. Ukumbi ukalipuka! Hiyo ni staili ya Kidiaba, aliyekuwa kipa wa TP Mazembe, aliyowaonyesha walimwengu kule Abu Dhabi Desemba 2010, Mazembe ilipokuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mtoto hakuwa hata amezaliwa. Alizunguka jukwaa zima, kaptura mpya ikageuka rangi ya vumbi, na alipofika miguuni kwa mwimbaji mkubwa akasimama akasaluti. Ndiye aliyetuchekesha kuliko wote usiku ule. MC akasema, "Makofi kwa mutoto wetu!" akaendelea na ratiba. Jina la mtoto sikulisikia.

Langu ndilo nililolisikia. Mzee, Mungu amsamehe, alimnong'oneza yule kijana anayepanga noti kwamba mimi ni Mtanzania. Huku ukisema Tanzania jibu ni moja, Samatta, kwa alivyowafungia Mazembe wakabeba ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Ghafla nasikia spika zote: "Samatta wa meza ya 41! Samatta eeeh!" Taa ikanitafuta nyuma ya nguzo ikanipata. Nikatembea na bugaluu langu mpaka mbele, nikatoa noti yangu pekee, dola 20, nikambandika.

Sasa huku dola lazima iwe bikira. Ikichanika hata kiasi cha ukucha wa mtoto, hakuna anayeipokea. Mwimbaji akaibandua mwenyewe, akaiinua kwenye taa, akaona pembe moja imepasuka, akanirudishia huku kipaza sauti kiko mdomoni: "Papa, hii imepasuka." Gita halikukosa hata pigo moja. Nilirudi meza ya 41 nikikumbuka mwaka 2018, Samatta mwenyewe na Ali Kiba walipotuita uwanjani Dar kuchangia elimu. Tulikata tiketi, tukapiga kelele, tukarudi na daladala. Hakuna aliyemulikwa na taa.

Mwisho ikaja hundi, ubao mkubwa kama mlango. MC akasoma kiasi kwa Kifaransa, kwa kasi, na meza yetu yote hakuna aliyekishika. Picha zikapigwa. Halafu ubao ukatakiwa utoke nje, na waliopewa kuubeba ni watoto. Wanne wakauweka kichwani, wamezoea mizigo, wakafika mlangoni, haupiti. Wakaulaza, haupiti. Yule Kidiaba wetu ndiye aliyesema wausimamishe upande. Ukapita.

Jumatatu nilikwenda kwa mama mmoja anayebadilisha fedha kando ya barabara. Noti yangu akainusa, akaipima, akainunua kwa 15. Nikanunua madaftari na kalamu, nikayapeleka kwa masista wanaowafundisha hao watoto. Sista akanipa stakabadhi, jina langu amelikosea.

Dereva wetu anaondoka Alhamisi, nimempa vitenge vyako viwili na suti ya mjomba irudi kabatini. Najua barua zangu huwa unazisoma kwa sauti barazani. Wakikuuliza kama kweli nimetajwa na mwimbaji wa Kinshasa mbele ya watu, wajibu ndiyo, kwa herufi zote. Hapo kwenye noti, Shangazi yangu, tafadhali paruke.

Mpwa wako,
Kolwezi