Kete Zisizolala

Ukisikia mtu wa kompyuta ana mchezo wa simu anaoutengeneza nyumbani kwake, usimuulize utakamilika lini. Ni sawa na kumuuliza mtu nyumba anayojenga Kigamboni imefikia wapi. Atakujibu kwa upole, lakini hamtaagana vizuri.

Wangu ni mchezo wa bao. Bao la kiswahili lenyewe, la mashimo 32 na kete 64, lile ambalo wazee wetu wakilikalia hata adhana wanaisikia kwa mbali. Niliuchagua kwa sababu moja tu: nilitaka kupumzika na watu. Mchana mimi ni mtaalamu wa TEHAMA wa ofisi fulani hapa Dar es Salaam. Kwenye barua ya ajira kazi yangu ni mifumo na usalama wa taarifa. Kwenye korido kazi yangu ni printa. "Dada wa kompyuta, printa imegoma." "Dada, neno la siri nimelisahau, na nililoandika kwenye karatasi, karatasi imefuliwa." Kuna siku mhasibu aliniletea jagi la kuchemshia chai, nikamwambia hilo si langu. Akanijibu, "Si lina waya?"

Kwa hiyo usiku, vyombo vikishaoshwa, nafunga mlango, nafungua kompyuta mpakato, na kwa saa mbili tatu hakuna anayeniita dada. Natumia Godot, injini ya kutengenezea michezo iliyoanzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur. Tangu 2014 msimbo wake uko wazi, na ni bure kwa kila mtu, jambo ambalo mshahara wangu unalipenda sana. Lugha yake ya skripti inafanana na Python, ambayo ndiyo inayoniwekea ugali mezani, basi mkono haukupata tabu. Nikachora ubao, nikapanga kete za kuanzia: kila mchezaji ana zake 32, sita anaziweka kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kuumeni kwake, na 22 anabaki nazo mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Mpaka hapo kompyuta ilikuwa na adabu.

Adabu iliisha tulipofika kwenye kulala. Anayecheza bao anajua: unagawa kete shimo baada ya shimo, na ya mwisho ikiangukia penye kete wenzake, zamu yako haijaisha. Unakula kama pana pa kula, au unazoa uendelee kugawa. Ukiangukia shimo tupu, umelala, mwenzako acheze. Sheria hiyo mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Niliiandika kwa mistari michache ya skripti, nikaiambia simu icheze yenyewe kwa yenyewe, mimi nikaenda kitandani.

Asubuhi niliitia mkobani bila kuitazama, nikapanda daladala la Kariakoo. Tulipokwama kwenye foleni na watu wakanyamaza, ndipo ilipoanza kusikika: tik, tik, tik, tik. Nilikuwa nimeweka mlio wa kete zikianguka, na kwa kweli ulikuwa mlio mzuri. Mama aliyeketi pembeni yangu aliutazama mkoba, akanitazama mimi, akautazama tena mkoba. Kisha akasogea kadiri siti ya daladala inavyoruhusu, yaani inchi moja. "Binti, humo ndani kuna nini?" Nikamwambia ni bao. "Bao gani linajicheza?" Kufika hapo konda naye akawa ameshasogea, akasema kama ni saa ya ukutani niizime, kama ni kitu kingine nishuke nacho. Nilipoitoa, simu ilikuwa ya moto kama imetoka jikoni, na kete zilikuwa bado zinazunguka zamu ileile ya usiku. Hakuna iliyolala. Kijana mmoja nyuma akauliza nani anaongoza.

Nilitafuta hitilafu kwenye msimbo hadi macho yakaniuma, sikuiona. Kumbe haikuwepo. Waholanzi wamelichimba bao kuliko tunavyodhani. Alex de Voogt alitoa kitabu mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 2006 yeye na wenzake wawili wakachapisha makala nzima kuhusu zamu za bao zisizokwisha. Zipo. Kete zikikaa kwa mpangilio fulani, zitazunguka mpaka siku ya kiama. Mimi niliyekimbia watu nikaambiwa na hesabu kwamba jibu la tatizo langu liko kwa watu: mchezo ukifika hapo, sheria inasemaje?

Mjomba wangu ana baraza lake la bao Magomeni. Nikaenda Jumamosi alasiri, nikavua viatu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini huku kwa wanaume?"

Nikawaeleza. Kulikuwa na kimya cha muda mfupi, kisha baraza likagawanyika vipande vitatu. Mmoja alisema kitu kama hicho hakipo, ni uongo wa simu. Wa pili akaapa alikiona kwa macho yake Unguja, tangu adhuhuri, na mchezaji akalazimika kula urojo kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukigawa kete. Wa tatu, mzee mwenye kikohozi ambaye muda wote hakuwa ameinua macho kwenye ubao, akasema mchezaji wa hivyo anyang'anywe zamu kwa kuchosha watu. Hiyo ndiyo sheria niliyoiandika. Kwenye skripti, baada ya mizunguko mingi kupita kiasi, linajitokeza neno UNACHOSHA WATU, na zamu inahamia upande wa pili.

Waliitaka simu waione. Mzee wa kikohozi akacheza nayo raundi ya kwanza. Bao lina ustaarabu wake: wakati wa kunamua, aliyekula akiangusha kete ya mwisho nyumbani kwake, ni hiari yake alale au aisafirishe nyumba, yaani azizoe kete zake azigawe. Mwenye akili huilinda nyumba, kwa sababu ndiyo akiba. Simu yangu, kila ikipata nafasi, ilisafirisha. Nilikuwa nimeifundisha kuhesabu kete nyingi za haraka, na kusafirisha nyumba huonekana kuna faida mpaka hatua ya sita hivi, wakati yenyewe ilikuwa inaona hatua nne tu mbele.

"Huyu hajaoa," mzee alisema, akiionyesha simu kwa kidevu. "Mapema hivi, kete hazijapoa, ameshahamisha nyumba." Baraza zima likacheka. Akaila ikaisha, akakohoa, akanirudishia simu kwa vidole viwili. Hakuna ripoti ya majaribio niliyowahi kuisoma ofisini iliyoeleza kasoro ya mfumo kwa ufupi namna ile.

Kabla sijaondoka nikaomba kurekodi mlio wa komwe halisi zikigonga mbao, kwa sababu ule wa kwanza niliutengeneza kwa vifungo vya shati. Nimekata sauti vizuri nyumbani, lakini kipande kizuri kuliko vyote, kile cha kula kete nyingi kwa mpigo, kina kikohozi ndani yake. Kukitoa ni kuharibu mlio. Basi kimebaki. Ukila kete zaidi ya saba kwenye mchezo wangu, mzee anakohoa.

Hapo ndipo mdogo wangu wa kiume alipoleta habari za Dong Nguyen, yule kijana wa Vietnam aliyetoa Flappy Bird mwaka 2013. Ndege mmoja, mabomba ya kijani, kugusa kioo tu. Na ikaripotiwa kwamba matangazo yalikuwa yanamwingizia dola 50,000 kwa siku, kabla hajauondoa mwenyewe Februari 2014 kwa sababu ulimnyima amani. Mdogo wangu alisikia nusu ya kwanza tu. Nusu hiyo ikafika kwa mama, ikafika kwa mjomba, ikafika Magomeni. Jumamosi iliyofuata mzee alinisubiri na swali moja: kikohozi chake kinaingiza shilingi ngapi kwa siku? Nikamwambia bado hakiingizi, kwa sababu mchezo haujapanda dukani. "Basi pandisha," akasema, "nami nitakuwa nakohoa taratibu."

Kupandisha nako kuna safari yake. Kufungua akaunti ya kutoa programu Google Play ni dola 25, mara moja tu, hilo halina neno. Lakini anayetumia akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 ni lazima kwanza apate watu 12 wa kuujaribu mchezo, nao wakae humo siku 14 mfululizo bila kujitoa. Zamani walitakiwa 20, kwa hiyo nilipaswa kushukuru. Watu 12 ni wachache mpaka uanze kuwatafuta. Mjomba na baraza lake lote wana simu za tochi. Binamu yangu wa Muscat alikubali kwa moyo mweupe, kumbe ana iPhone. Ofisini kila niliyemwomba alikubali kwa sharti kwamba nimtazamie printa. Mwishowe nikajaza nafasi kwa mama, shangazi wawili, mdogo wangu, jirani muuza genge, fundi cherehani wake, na shemeji yangu, mume wa dada. Waliobaki ni wa ofisini, na printa zao sasa zinafanya kazi.

Watu wakishajiunga husahau. Kwa hiyo nikaandika skripti ndogo ya Python ya kuwakumbusha kwa meseji kila siku saa mbili usiku, wakati watu wamekula na wako na simu mkononi. Nilitaka maneno mafupi yenye mvuto: "Usilale bila kucheza. Nakusubiri." Nikaiweka kwenye seva niliyokodi Ulaya, nikaipa saa yake, 20:00, nikalala na amani ya mtu aliyemaliza kazi.

Seva ile inafuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ilipofika saa mbili usiku ya kwake, huku kwetu ilikuwa saa tano. Meseji zikaondoka, kutoka namba isiyojulikana.

Shangazi mkubwa alidhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akajibu, "Sina hela. Katafute kazi." Fundi cherehani alizima simu akasoma dua. Dada yangu alinipigia.

"Uko macho? Wewe si mtu wa kompyuta? Nitafutie mwenye namba hii."

"Imefanyaje?"

"Inamsubiri mume wangu. Imesema asilale."

Kwa nyuma nilimsikia shemeji akilia, "Ni mchezo tu, mke wangu, ni mchezo!", maneno ambayo hayakumsaidia hata kidogo. Nikajaribu kueleza. Nilisema ni mimi, yaani ni skripti yangu, yaani ni seva iliyokosea saa. Dada alisikiliza kwa utulivu wa kutisha.

"Huyo Seva anaishi wapi?"

"Yuko Ulaya, dada, lakini si..."

"Yuko Ulaya, na namba ya mume wangu anayo."

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwao na kompyuta mpakato, nikaketi sebuleni, nikamfungulia skripti mstari kwa mstari. Aliielewa vizuri. Alinionyesha hata mahali pa kuweka +3, na akaniuliza kwa nini sikuandika "tafadhali". Lakini mchezo alikuwa ameshaufuta kwenye simu ya shemeji usiku uleule, na hesabu ya siku 14 inataka watu wasiopungua 12.

Kwa hiyo, msomaji, nafasi moja iko wazi. Anatakiwa mtu mwenye simu ya Android, anayejua bao au aliye tayari kufungwa na simu isiyojua kulinda nyumba, na atakayevumilia kikohozi. Meseji zitafika saa mbili usiku, saa za Afrika Mashariki, zikianza na neno tafadhali. Mwenye mke au mume, amwonyeshe tangazo hili kwanza.