Maksi za Rubisi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda na kalamu.

Mwezi mmoja kabla ya kwenda nyumbani Karagwe kwa Krismasi, rafiki yangu wa Dar alinialika Masaki kuonja bia za krafti, zile zinazopikwa kwenye viwanda vidogo na kuuzwa kwa bei inayokulazimisha kunywa taratibu. Tulipewa glasi sita ndogo kama za kahawa ya mtaani, kadi na penseli. Kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri akatufundisha utaratibu: zungusha glasi, tazama povu, ingiza pua, onja, sukutua, tema kwenye ndoo. Kisha andika. Jirani yangu aliandika kwamba anapata ganda la chungwa na, kwa mbali, tandiko la farasi. Mimi sijawahi kulamba tandiko la mnyama yeyote, nikaandika "chungu". Lakini wazo lilinikaa kichwani. Kwetu kuna pombe ya ndizi inayokamuliwa kwa miguu kijiji hadi kijiji, kila mtu anaapa kwamba rubisi ni ya kwao na hizo nyingine ni maji ya kuoshea mtumbwi, na sijasikia mtu aliyekaa chini akatoa maksi.

Nilipofika Kayanga nikaazima daftari la mpwa wangu, Sayansi, Darasa la Tano, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa tupu. Nikachora safu kwa rula: rangi, povu, harufu, ladha, na inavyobaki mdomoni. Kila safu maksi mbili, jumla kumi. Usafiri ulikuwa bodaboda ya binamu yangu, Mlokole ambaye hajagusa kileo tangu aokoke. Kwa utafiti wa aina hii, dereva bora kuliko huyo humpati. Mpango: Omurushaka, Nkwenda, Kaisho, hadi Murongo mpakani. Murongo hatukufika. Lakini nisitangulize mambo.

Omurushaka tuliingia kwenye kilabu kimoja nyuma ya maduka, mabenchi mawili chini ya bati. Mzee mwenye nyumba alitukaribisha kwanza kwa kahawa za kutafuna, kama ada ilivyo, kisha akachota rubisi kwenye kopo la lita moja. Akanywa funda moja yeye mwenyewe kutoa uchawi, ndipo akanipa kwa mikono miwili.

Nikalizungusha kopo. Nikaingiza pua: moshi, ndizi iliyoiva kupita kiasi, mtama uliokaangwa. Nikavuta funda, nikasukutua mpaka mashavu yakavimba, nikatema kando ya mguu wa benchi. Kisha nikachukua kalamu.

Kimya kilichofuata sijapata kukisikia hata msibani.

"Mwanangu," mzee akasema polepole, "umeona nini humo?"

"Hakuna kitu, mzee. Naonja tu."

"Kuonja ni kumeza."

Akalichukua kopo mkononi mwangu, akanywa mafunda matatu, akafungua mdomo ili kila mtu aone kwamba imeshuka. Kisha kopo likazunguka mabenchi yote mawili, kila mmoja akinywa kushuhudia kwamba haina kitu, na ushahidi wote ukaandikwa kwenye hesabu yangu. Lilipojazwa upya na kunirudia, watu kumi na mmoja walikuwa wamekodolea macho koromeo langu, pamoja na binamu yangu, ambaye hata halimhusu. Nikaimaliza lita nzima bila kupumua.

"Haya," mzee akasema, "sasa tema."

Nikaandika nane kwa kumi. Alikuwa ananichungulia begani.

Nkwenda tulikuta kazi yenyewe ikifanyika, na kwa kweli pale ndipo ningepaswa kulifunga daftari. Ndizi za pombe, embire, zilikuwa zimetolewa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, ganda limeiva hadi kuwa na madoa meusi. Zilishamenywa na kujazwa kwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa, zikachanganywa na nyasi. Baba mmoja wa makamo alinawa miguu hadi magotini, akajifuta, akaingia. Nyasi ndizo siri: bila nyasi unapata uji unaoteleza, lakini zikiwepo hushika makapi na juisi ikatiririka peke yake. Alikanyaga kwa mwendo mmoja, kisigino kwanza, mikono ameishika kwenye nguzo mbili kama mtu anayesubiri daladala. Waganda wanaiita ya kwao mwenge bigere, pombe ya miguu, na hawaoni haya. Wachaga, kwenye mbege, ndizi huzichemsha, wakaweka ulezi na kuikoleza uchungu kwa gome la msesewe. Mchaga akisimama mbele ya huu mtumbwi atauliza sufuria iko wapi.

Juisi iliyotoka ni omuramba. Tamu, nzito, rangi ya chai ya maziwa, na hata mtoto anapewa. Ukishatia unga wa mtama uliokaangwa na kufunika mtumbwi kwa majani ya mgomba, unaiachia hamira, inafanya kazi usiku kucha, inachemka bila moto. Weka sikio utaisikia.

Nilimuuliza yule baba itakuwa tayari saa ngapi.

"Tayari kwa nani?"

Akanifafanulia akiwa bado anakanyaga. Leo ni ya watoto na walokole. Kesho mchana ni ya wageni. Kesho jioni ni ya wenyewe. Keshokutwa ni ya wazee, imeanza ugwadu. Siku ya nne ni ya mtu mwenye shida zake. Mtumbwi ni huohuo, ndizi ni hizohizo. Nikatazama jedwali langu lenye safu tano zilizonyooka na kuona kwamba nilikuwa natoa maksi kwa kitu ambacho, wino ukikauka, kimeshakuwa kitu kingine. Nikaongeza safu ya sita, "umri", nikaiacha wazi.

Kwa haki, nilikuwa pia na kipimo cha kulinganishia. Kila kituo nilinunua Balimi, bia ya chupa ambayo jina lake hapa kila mtu analielewa bila kamusi, maana mkulima kwetu ni omulimi. Omurushaka nikaipa sita, Nkwenda sita. Bia ya chupa ina tabia njema. Hukusubiri ulipoiacha.

Si mimi wa kwanza kuja Karagwe na daftari. Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walifika kwa mfalme wetu, Mukama Rumanyika, Bweranyange, Novemba 1861, na Speke akaishia kumpima mwanamke wa ikulu aliyenoneshwa kwa maziwa: mkono inchi kadhaa, paja inchi kadhaa. Januari 1862 akaendelea Buganda, akamwacha Grant ambaye mguu ulikuwa mbovu. Mtu anakaa miezi katika nchi ya migomba, hawezi kutembea, ana karatasi na wino. Nadhani Grant ndiye angetuachia jedwali la maana.

Turudi kwa binamu. Pale Nkwenda alinunua omuramba wake, akautia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaifunga kwenye usukani. Hakuuliza kata iliyotumika kuchota ilikuwa imetoka kwenye mtumbwi gani. Jua la mchana likaipiga chupa, barabara ikaitikisa, na kila tuliposimama alikunywa kidogo "kupoza koo". Tulipokaribia Kaisho alianza pambio. Nikafurahi. Kisha akaanza kuimba sauti ya pili na ya tatu yeye peke yake. Kisha akasimamisha pikipiki katikati ya migomba, akageuka, akaniambia kwa machozi kwamba ile elfu thelathini aliyonikopesha mwaka 2016 amenisamehe.

Hapo nikaiomba chupa. Kifuniko kilitoka kwa mlio kama wa soda.

Binamu akainusa, akanitazama, akainusa tena.

"Kaka, hii imeokoka au haijaokoka?"

Pikipiki tukaisukuma hadi Kaisho kwa miguu. Njiani alikuwa ananiomba nisimwambie mchungaji, na mimi namwomba asisahau ule msamaha. Kilabuni Kaisho nilifika nimechoka na nimekasirika, nikaonja kwa kununa, nikaandika tano. Kuhusu Murongo tulikubaliana kwamba Mto Kagera utakuwepo tu hata mwakani. Ng'ambo yake ni Kikagati, Uganda, nchi ambako waragi, ndugu ya gongo, ina kiwanda na lebo tangu miaka ya 1960. Upande wetu gongo ni kesi, na daftari lenyewe lilikuwa na jina la mtoto.

Asubuhi nilimwacha binamu kwa ndugu, kichwa amekifunga kitenge, nikapanda Hiace ya kurudi Omurushaka na dumu la lita tano la rubisi kwa ajili ya baba. Muuzaji alikuwa ameliziba kwa jani la mgomba lililosokotwa. Mimi, mtu wa Dar, niliona huo ni uchafu. Nikanunua kizibo kipya dukani, nikakikaza kwa mikono miwili na kitambaa, nikaliweka dumu katikati ya magoti. Mbele yangu ilikaa kwaya, mashati meupe yaliyopigwa pasi. Kando yangu bibi mmoja na kikapu chake.

Baada ya matuta ya kwanza dumu lilianza kuvimba mbavu. Baada ya ya pili likawa limesimama duara kama boga. Nilikuwa nafikiria kumwomba dereva asimame wakati kizibo kilipopiga dari la gari.

Nitaruka yaliyosemwa na kwaya, ingawa yalisemwa kwa sauti nne. Konda alisimamisha gari. Rubisi ilikuwa inadondoka kutoka kwenye dari, kwenye kola, kwenye nyusi za mwalimu wa kwaya. Bibi peke yake hakupiga kelele. Alichukua kile kizibo kilichomwangukia kikapuni, akakigeuza.

"Aliyekaza hiki si wa huku," akasema.

Kisha akalamba mgongo wa mkono wake, mara moja tu, akatazama dirishani kama anayesikiliza.

"Ya Kaisho. Ya juzi." Akalamba tena. "Mtama umezidi kidogo, lakini ni mkono mzuri."

Nilimfikishia baba nusu lita na shati la kunusa. Daftari nikalirudisha kwenye mkoba wa mpwa wangu, nikapanda basi la Dar, nikasahau.

Shule zilifunguliwa Januari. Wiki ya pili dada yangu alinitumia picha kwa WhatsApp bila salamu. Ilikuwa jedwali langu. Mwalimu wa Sayansi alikuwa amesahihisha daftari mpaka ukurasa wa mwisho, kwa wino mwekundu. Pembeni aliweka vema kwa ajili ya mistari iliyonyooka. Kwenye safu ya umri aliandika, "Kwa nini hukujaza? Hii ndiyo muhimu." Maksi tano za Kaisho zilikuwa zimekatwa, juu yake tisa, na maneno "Umeionea." Nane ya Omurushaka imezungushiwa duara mara mbili, na chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyebonyeza kalamu kwa nguvu: "Nani alikuwa amekusimamia?"