Kata Chuma, Usikate Nywele

Mama yangu alipoiona deraya yangu mara ya kwanza, kwenye simu, aliniuliza huko Uingereza ninavua samaki gani. Sikumlaumu. Sisi ni wa Tanga, nyumba ya mvuvi, na kwetu kitu chochote chenye macho madogo madogo kilichotundikwa ukutani ni wavu. Nikamweleza kwamba hii ni nguo ya vita, shati la pete za chuma, nitalivaa mwezi wa kumi kwenye maigizo ya vita vya mwaka 1066, ambamo William wa Normandi alimshinda Harold, mfalme wa Waingereza. Akanyamaza. Kisha akasogeza uso kwenye simu mpaka nikawa naona pua tu.

"Hapo kwapani umeruka jicho," akasema.

Kweli nilikuwa nimeruka. Pete kama 22,000, miezi kumi ya kazi, na mtu aliyekaa kwenye kigoda Tanga ameligundua tundu moja lisilopitisha hata kidole. Nikamwambia nitaliziba.

Balaa lilianzia kazini. Nahudumia wazee Yorkshire, zamu za usiku zaidi, na mwenzangu mmoja aliniambia kuna mazoezi kila Jumatano kwenye ukumbi wa shule, yanakata tumbo vizuri sana. Nikaenda na raba na suruali ya kubana, nikidhani tutarukaruka kwa muziki. Nikakabidhiwa ngao ya mbao pana juu, nyembamba chini, kama parachichi lililosimama kwa kichwa, na upanga butu kama mgongo wa kisu. Somo la kwanza lilikuwa ukuta wa ngao: mnasimama bega kwa bega, ngao yako inamfunika na jirani, mnasukuma na kusukumwa, na asiondoke mtu. Wageni wenzangu walibabaika. Mimi mwalimu aliniuliza nimejifunzia wapi. Mtu aliyegombea daladala saa kumi na mbili jioni hahitaji kufundishwa ukuta wa ngao.

Sifa zile ndizo zilizoniponza. Nikataka deraya. Ya kununua bei yake ilikuwa sawa na fedha ninazotuma nyumbani miezi mitatu, kwa hiyo nikaamua kuifuma.

Kazi yenyewe si ngumu, na hapo ndipo inapokunasa. Unanunua waya wa seng'enge, unauzungusha kwenye nondo ya milimita 8 mpaka inatoka springi, unaikata springi upande mmoja, zinadondoka pete. Kila pete inashika nne jirani zake. Unafungua kwa koleo mbili, unapitisha, unafunga. Ukimaliza moja zimebaki 21,999. Nilipiga hesabu usiku mmoja nikaona nimetumia zaidi ya mita 600 za waya, ungetosha kuzungushia shamba la mihogo na kuku wa jirani wakashindwa kupita. Nilifuma nikiangalia taarifa ya habari, nilifuma ndani ya basi. Yule abiria wa pembeni yangu aliyehama kiti nafikiri sasa ninamwelewa.

Tatizo la pete ni kwamba hazitulii. Zilikuwa kwenye zulia, kwenye soksi, kwenye mashine ya kufyonza vumbi, ambayo ililia mara moja tu na haikulia tena. Sikukuu moja niliwaalika Waswahili wenzangu kula pilau. Dada mmoja, mtu mzima, wa kuheshimika, akatafuna kitu kikasema *kah!* Akakitoa mdomoni polepole, akakiweka pembeni ya sahani, akanitazama.

"Mdogo wangu, hii ni posa au kiungo?"

Nilipoimaliza deraya nikaipeleka kwa mkaguzi. Kila kikundi cha maigizo kina mtu wa namna hii: mpole, ana ndevu, na anajua kifungo chako kimechelewa kwa miaka 200. Aliishika akaipima kwa mkono, ilikuwa kama kilo kumi na nusu, akasifu mshono, kisha akasema kwa huzuni ya daktari mwenye majibu ya vipimo kwamba deraya za kweli pete zake zilipigwa ribiti, moja moja, na yangu zimekutanishwa ncha tu. Tena inang'aa. Waya wangu ulikuwa na zinki, kwa hiyo kwa mbali nilifanana na bati jipya la paa. Akaniruhusu kusimama mstari wa tatu, na akanishauri niilowanishe kwenye siki zinki itoke.

Nililowanisha. Siki lita 20, beseni, bafuni. Ikatoa povu, ikachemka, nyumba ikanuka achari wiki nzima. Zinki ikatoka, deraya ikawa na rangi nzuri ya kijivu, na baada ya siku mbili ikashika kutu yote. Watu wa zamani dawa yao ilikuwa kuitia kwenye pipa lenye mchanga na siki na kulibingirisha. Mimi sina pipa, nina ndoo yenye mfuniko, na nina korido. Niliibingirisha kwa miguu kwenda na kurudi, saa tatu usiku, mpaka mfuniko ulipofunguka kwenye ngazi. Mchanga ulishuka mpaka ghorofa ya chini. Barua niliyoandikiwa na wapangaji wenzangu ilikuwa na adabu kiasi kwamba niliisoma mara mbili kabla ya kujua nimetukanwa.

Chini ya deraya huvaliwa gambesoni. Usiogope jina, ni mfarishi wenye mikono. Kitani juu, kitani chini, katikati pamba au matambara, imeshonwa mistari. Chuma kinazuia upanga usikate, lakini pigo linaingia vilevile, na mfarishi ndio unaolimeza. Kwa mtu wa Tanga aliyeugua baridi ya Yorkshire tangu siku ya kwanza, naomba niseme ukweli wangu: gambesoni ndiyo nguo pekee ya nchi ile iliyonipasha joto. Niliwahi kuilalia. Kuhusu choo cha plastiki cha kambini na mtu aliyevaa vyote hivi sitaandika, mama yangu husomewa.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kuvua.

Kuvaa ni rahisi, unainua mikono, unaingiza kichwa, uzito wenyewe unaishusha. Kuvua inabidi uiname, kichwa chini, ujitingishe kama kuku aliyenyeshewa, nayo iteleze kuelekea sakafuni. Usiku mmoja wa Jumanne niliijaribu peke yangu. Nilikuwa nimetoka kusuka siku hiyohiyo, nywele ndogo ndogo, kazi ya saa sita. Nikainama, nikajitingisha. Deraya ikafika masikioni, ikasimama. Nikajitingisha tena, nikasikia kichwa kizima kinavutwa. Zile pete ambazo ncha zake zimekutanishwa tu, zile alizozihuzunikia mkaguzi, zilikuwa zimefunguka kidogo na kushika rasta zangu moja moja, kama ndoano.

Nikajaribu kurudi nyuma, ikakataa. Mikono ilikuwa juu ndani ya mikono ya chuma, uso umeangalia magoti, mbele naona macho 22,000 na mwanga kidogo. Simu ikalia. Nilijua ni mama, maana saa zile huwa ni mama. Ikalia mpaka ikachoka.

Nilitoka koridoni nikiwa nimeinama hivyohivyo, nikifuata ukuta kwa bega, nikabisha mlango wa jirani kwa kisigino. Ni bibi wa Kiingereza wa miaka 80 na kitu, anaishi na paka. Mlango ukafunguka. Nikaona ndara mbili.

"Ungependa chai kwanza?" akauliza.

Nikamwambia chai baadaye. Akaniweka kwenye kigoda, akawasha taa, akachunguza, akaenda akarudi. Nikasikia mkasi unajaribiwa hewani. Nilipiga ukelele ambao yule paka hajausahau. Nikamwambia, bibi, kata chuma, usikate nywele! Nywele nimelipia. Akafikiri, akaenda tena, akarudi na koleo la marehemu mumewe, akaanza kufungua pete moja baada ya moja, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Zilikuwa pete 17. Katika muda wote huo hakuniuliza ninafanya nini na nguo ya chuma. Aliuliza jambo moja tu.

"Na wewe ni upande wa nani?"

"Wa Harold."

"Basi utashindwa," akasema, akaenda kuchemsha maji.

Baada ya hapo nikaenda kutafuta wenzangu wa zamani, wale waliovaa deraya kweli. Katika mji wa Reading kuna nakala kamili ya Kitambaa cha Bayeux, karibu mita 70 za hadithi ya 1066 iliyotariziwa kwa sufu. Nakala hii ilifanywa na wanawake wa mji wa Leek miaka ya 1885 na 1886, na baadhi ya watu walio uchi katika ile ya asili humu wamevishwa kaptula, jambo ambalo mama yangu angeliunga mkono. Nilipita picha za wafalme bila kusimama. Nilisimama pale watumishi wa William wanapopakia meli: deraya zimepitishwa mti kwenye mikono, kila moja inabebwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama nguruwe pori. Nikafuata ukingo wa chini mpaka mwisho wa vita, na hapo nikakuta maiti wanavuliwa deraya. Zinavutwa kupitia kichwani, kinyumenyume, na anayevuta ni mtu mwingine. Hata kwa maiti, peke yake haitoki. William mwenyewe, kwa maelezo ya padri wake William wa Poitiers, asubuhi ya vita aliivaa yake nyuma mbele, akacheka ili askari wasione ni nuksi. Mimi sioni nuksi pale. Naona mtu aliyevalishwa haraka.

Mwezi wa kumi ukafika. Harold wa kweli alipigana Stamford Bridge, si mbali na kwangu, tarehe 25 Septemba, akawapiga Wanorwe, akashuka nchi nzima, na siku 19 baadaye alikuwa kusini akisubiri wengine. Sisi tulishuka kwa basi dogo kwa muda wa saa sita na tukalalamika mgongo. Mji wenyewe unaitwa Battle, yaani Pambano. William alijenga abasia palepale, na maigizo hufanyika kwenye nyasi zake, Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo Harold hufa mara mbili, na watu humshangilia kana kwamba safari hii huenda akashinda.

Nilikuwa nimejifunza. Nywele nilizifunga kanga, barabara, juu yake chapeo yenye kile kipande cha chuma kinachoshuka puani na kuigawa dunia vipande viwili. Mkaguzi akaiona kanga, ambayo maneno yake yalikuwa ya kumsuta jirani mmoja wa Tanga, akaniuliza ni ya karne gani. Nikamwambia ugomvi ule ni wa zamani sana. Akaniacha.

Kwenye vita hivi kichwani hapapigwi, mishale ina ncha za mpira, na ukipigwa vizuri unakufa kwa hiari yako. Baada ya nusu saa, kilo kumi na nusu zikiwa zimehamia mabegani, hiari inaongezeka. Nilikuwa nimejichagulia mahali pa kufia, chini ya mti, penye kivuli. Mnormandi mmoja akanipata hatua tatu kabla. Nikaanguka nilipoangukia, sikio moja ndani ya majani yawashayo, ndugu yake upupu. Maiti haijikuni. Nilivumilia mpaka nikasikia mtoto nje ya kamba akiwaambia wazazi wake kwamba yule aliyekufa anasugua sikio.

Kambini, Mnormandi aliyeniua akaja kuniomba radhi na kuniuliza kama nahitaji msaada wa kuvua. Nikainama. Akashika, akavuta. Ikafika masikioni, ikasimama. Simu ikalia, ikakatika, ikalia tena, na yule bwana kwa wema wake, akidhani kuna msiba, akaipokea na kuiegemeza kwenye ngao, kisha akaendelea kuvuta.

Sasa fikiria alichokiona mama: mwanamume wa Kizungu mwenye pua ya chuma, upanga kiunoni, anamvua mwanawe nguo kwa nguvu, na mwanawe kichwa kiko chini anagumia.

"Wewe! Muache mwanangu! Muache, mwanaharamu!"

Mnormandi hakujua neno hata moja. Akampungia mkono kwa adabu zote.

"Shikamoo mama!" nikapiga kelele kutoka ndani ya chuma. "Ananisaidia!"

"Marahaba. Anakusaidia nini?"

"Kuvua!"

"Kuvua nini? Si ulisema si wavu?"

Nikamweleza kadiri mtu anavyoweza kueleza akiwa amening'inia. Kukawa kimya. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile niliyoisikia utotoni pwani, alfajiri, wanaume wakivuta juya na wanawake wakiwakosoa.

"Mwambie asivute katikati, atachana. Ashike pindo, huku na huku, avute pole pole, na wewe urudi nyuma."

Nikatafsiri. Mnormandi akashika pindo huku na huku, nikarudi nyuma, na deraya yote ikatoka mara moja pamoja na kanga, ikajimwaga kwenye nyasi kama dagaa. Nikasimama, nywele zangu zote zipo. Nikaiokota nikaiinua mbele ya simu amwone mshindi.

Mama akasogea mpaka ikabaki pua.

"Lile jicho la kwapani," akasema, "hujaliziba."