Asanteni kwa Kutuuzia Tena: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Rockstar

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi,
Take-Two Interactive na Rockstar Games,
New York, Marekani.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUUZIA MARA YA PILI GEMU TULIYOINUNUA MWAKA 2010

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa furaha ya mteja aliyekumbukwa. Agosti 7, 2023 mlitangaza kwamba Red Dead Redemption, gemu iliyotoka Mei 2010 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, sasa inahamia PlayStation 4 na Nintendo Switch. Siku kumi baadaye ikawa dukani kwa dola 49.99. Tuliomba miaka nenda miaka rudi, mkatujibu kwa tangazo la siku kumi. Wenye haraka ni sisi, nyinyi mna utulivu.

Utulivu huo mliuonyesha hata katika kuchagua mashine. PlayStation 4 ilianza kuuzwa Novemba 2013. Kufikia Agosti 2023, PlayStation 5 ilikuwa na karibu miaka mitatu sebuleni mwa watu, na ile ya zamani ilikuwa inaagwa. Ndipo nyinyi mkaona wakati umewadia wa kuipelekea gemu mpya. Yaani gemu ya zamani. Mtanisamehe, mambo haya huchanganya.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuicheza, hadithi yenyewe ni hii. Mwaka ni 1911, mpakani mwa Marekani na Mexico. John Marston, jambazi aliyeacha ujambazi, anataka kufuga na kulima tu. Maofisa wa serikali wanawachukua mkewe Abigail na mwanawe Jack, kisha wanamwambia: kawawinde wenzako wa zamani, ukimaliza tutakurudishia familia yako. Marston anapanda farasi. Anafanya kila anachoagizwa, na akimaliza kazi moja anapewa nyingine. Ukiipitia hadithi hii leo huku risiti iko mezani, unaielewa vizuri kuliko ulivyoielewa mwaka 2010. Mnacho kitu tunachokipenda, mmekifungia, na mnajua fika kwamba tutapanda farasi.

Maana kilifungiwa kweli. Diski ya PlayStation 3 haichezeki kwenye PlayStation 4 wala 5, kwa kuwa chipu ya Cell iliyokuwa ndani ya mashine ile haifanani na kilichokuja baadaye. Mwenye PlayStation mpya alibaki na njia moja tu: kuicheza kwa kuipokea mubashara kupitia intaneti, kwa huduma ya kulipia ya Sony. Oktoba 2022 gemu ikaondolewa hata huko. Miezi kumi ikapita kimya, kisha ikarudi ikiwa na bei mpya. Sisemi mlipanga. Nasema tu kwamba bahati inawapenda.

Nashukuru pia kwa mlivyotupunguzia mzigo. Gemu ya mwaka 2010 ilikuwa na uchezaji wa mtandaoni: watu walikusanyika kwa magenge, wakapanda farasi pamoja, wakapigana risasi jangwani hadi usiku wa manane. Mwaka 2011 mlitoa toleo la pamoja lililokuwa na gemu yenyewe, lile kasha la mazombi liitwalo Undead Nightmare, na huo uchezaji wa mtandaoni juu yake. Toleo la 2023 lina gemu na mazombi. Mtandao mmeukata. Kasi nayo ilikuwa fremu 30 kwa sekunde, hata kwa aliyeiweka kwenye PlayStation 5, mpaka Oktoba mlipokumbuka kuachia sasisho la kuifikisha 60. Sasisho hilo lilithibitisha kwamba uwezo ulikuwepo tangu mwanzo. Kilichochelewa ni moyo.

Muuza mitumba wa Karume, Dar es Salaam, ana heshima yake katika jambo hili. Shati limevaliwa Ulaya, kifungo kimoja hakipo, naye hafichi. Mnapatana, na kile kifungo kinashusha bei. Nyinyi mmeking'oa kifungo kwa mikono yenu, mkalipiga shati pasi, mkalitundika dirishani.

Mkuu wenu, Bwana Strauss Zelnick, alipoulizwa kuhusu dola hizo 50, alijibu kwamba kwa mtazamo wa kampuni hiyo ndiyo bei iliyo sahihi kibiashara, akakumbusha kwamba Undead Nightmare imo ndani. Nimelitafakari jibu hilo kwa unyenyekevu. Linafaa mahali popote. Nauli ikipanda usiku kwa sababu mvua inanyesha, ni sahihi kibiashara. Maji ya chupa uwanja wa ndege ni sahihi kibiashara. Bei haikosei kamwe maadamu yupo wa kuilipa, na sisi tupo. Ila mwaka huohuo wenzenu walituharibia adabu. Februari 2023 Nintendo walitoa Metroid Prime Remastered, gemu ya mwaka 2002 iliyochorwa upya karibu kila ukuta, kwa dola 39.99. Mwezi uliofuata Capcom wakatoa Resident Evil 4 iliyojengwa upya kuanzia msingi hadi paa, kwa dola 59.99. Ninyi mkakaa katikati ya hao wawili kwa bei, na mbali nao wote kwa jasho.

Hapo lazima nitende haki, maana ubishi huu una pande mbili na upande wenu si mtupu. Wapo wanaowatetea, na baadhi ya hoja zao nazikubali. Ya kwanza ni ya Switch. Mashine ile haikuwahi kuwa na gemu yoyote ya Red Dead, na kazi mliyowapa Double Eleven, studio ya Middlesbrough kule Uingereza, ni safi. Kwenye Switch gemu inakwenda bila kukwama, picha imenyooka kuliko ilivyokuwa PlayStation 3, na mtu anaweza kumsindikiza Marston hadi Mexico akiwa amekaa ndani ya basi. Kwa mwenye Switch, huu ni uamuzi mzuri wenye bei mbaya, na bei mbaya ina dawa: punguzo la sikukuu. Hoja ya pili ni kwamba gemu iliyohamishwa vibaya ni afadhali kuliko gemu iliyozikwa. Nayo naikubali, japo kwa shingo upande, kwa sababu aliyeokoa hapa ndiye yuleyule aliyekuwa ameshika ufunguo. Hoja ya tatu, kwamba kampuni haina deni kwa mtu yeyote, siijibu. Anayeitoa huwa hajawahi kununua kitu mara mbili.

Tatizo ni PlayStation 4. Pale ndipo uamuzi unapokosa utetezi, na shahidi wa kuwaumbua ni Xbox. Tangu Julai 2016 mwenye Xbox One aliweza kuchukua diski yake ya 2010, akaiweka kwenye mashine, akacheza bila kulipa senti ya ziada. Mwaka 2018, kwenye Xbox One X, gemu hiyohiyo ikapandishwa hadi ubora wa 4K, bure tena, na wale wa mtandaoni wakaendelea kurushiana risasi kama kawaida. Yaani miaka mitano kabla ya hiyo kazi yenu kubwa ya kuhamisha, diski kuukuu ilikuwa inafanya kazi nzuri zaidi kwenye mashine ya jirani. Najua Microsoft ndio waliotoa jasho kule, na najua Sony hawakutoa. Lakini mchezaji haoni mikataba. Anaona kwamba jirani amerudishiwa chake na yeye ameuziwa chake.

Nisionekane kama nawaonea kwa jambo moja, niwashukuru na kwa mengine. Novemba 2021 mlituletea Grand Theft Auto: The Trilogy, gemu tatu za enzi za PlayStation 2 zilizosafishwa na Grove Street Games, na kwanza mkaziondoa madukani zile za asili ili tusipate tabu ya kuchagua. Mvua ikanyesha kwenye San Andreas, moja ya hizo tatu, kwa namna ambayo dereva haoni barabara. Mabango ya maduka yakaandikwa makosa, kwa kuwa herufi ziliachiwa kompyuta izikisie. Ile nati kubwa iliyo juu ya duka la donati, ambayo ndiyo mzaha wenyewe wa duka lile, ikalainishwa kona zake hadi mzaha ukaisha. Wenye kompyuta wakafungiwa mlango kwa siku kadhaa. Kabla mwezi haujaisha mliomba radhi na kuahidi kurudisha zile za zamani kwa wenye kompyuta. Huku kwetu Afrika Mashariki tuliumia kipekee, maana San Andreas ilikuwa gemu ya vibanda: televisheni ya kichogo, pedi iliyofungwa nailoni, foleni ya watoto waliotumwa chumvi. Tuliijua mitaa ya Los Santos kabla ya kuijua ya Posta.

Na Julai 2022, nani atasahau? Wachezaji wa Red Dead Online, ule mtandao wa Red Dead Redemption 2, walipochoka kusubiri vitu vipya walivalisha wahusika wao nguo nyeusi wakafanya mazishi ndani ya gemu. Walisimama makaburini juu ya farasi. Mwaka mmoja baadaye mkawajibu kwa kutoa gemu nyingine ya Red Dead isiyo na mtandao kabisa. Aliyefiwa hahitaji tena kuogopa kufiwa. Huo nao ni upole.

Nakubali kwamba najua sababu. Gemu mpya ya kiwango chenu hula miaka mingi na fedha zisizotamkika, na kati ya gemu moja na nyingine wanahisa hawaishi kwa hewa. Red Dead Redemption 2 ilitoka Oktoba 2018 ikauzwa mamilioni kwa makumi. Ndani ya ramani yake mkaacha eneo zima la New Austin, lilelile la gemu ya kwanza, milima na miji ikiwa tayari imechorwa upya. Watu wakaona, wakapiga hesabu, wakasema: basi wataijenga ya kwanza upya, ardhi ipo. Matumaini hayo ndiyo mliyoyauza. Kuijenga upya kungechukua miaka na watu mamia. Kuihamisha kulihitaji studio moja, tangazo fupi na ujasiri wa kuandika 49.99. Mwekezaji yeyote angechagua hivyo. Ndiyo maana hatuombi ushauri wa mapenzi kwa mwekezaji.

Kuna kipengele kimoja ambacho si kosa lenu, ila nitakitaja kwa kuwa barua ni yangu. Dola 50 mwezi ule zilikuwa kama shilingi 125,000 za Tanzania, au zaidi ya 7,000 za Kenya. Mtu akishazipata, anafungua duka la PlayStation na kukuta orodha ya nchi haina Tanzania wala Kenya. Anajiandikisha kama mkazi wa Marekani au Uingereza, ananunua kadi ya zawadi kwa mtu anayeiuza kwa faida, kisha anaanza kupakua kwa bando la simu. Hilo ni la Sony. Lakini mnapokaa kikaoni kusema gemu sasa inafikiwa na wengi zaidi, jueni wengi hao wanafika wakiwa wamepitia kwa wapambe.

Oktoba 29, 2024 mkaileta hatimaye kwenye kompyuta, miaka kumi na minne baada ya kuzaliwa kwake. Bei: dola 49.99. Angalau msimamo mnao. Kule watu walipata kasi kubwa na picha za hali ya juu, kwa hiyo nitasema bila kejeli kwamba toleo la kompyuta ndilo lililostahili kutangulia.

Sasa ombi. Kabatini mwenu mna gemu nyingine ambazo zamu yao inaweza kufika siku yoyote, na kubwa kuliko zote ni Grand Theft Auto IV ya mwaka 2008. Tayari mmeshaipunguza mara mbili: mwaka 2018 mkatoa nyimbo kadhaa redioni mwake kwa sababu leseni zilikwisha, na mwaka 2020 mkaondoa mtandao wake kwenye kompyuta. Mkiihamisha, lipeni leseni za nyimbo. Rudisheni mtandao, au semeni wazi kwenye tangazo kwamba haupo, na bei ionyeshe kwamba haupo. Aliyeinunua zamani kwa akaunti yenu apewe nusu bei. Zile za asili ziacheni madukani. Na fremu 60 zije siku ya kwanza, zisingoje Oktoba.

Kwako msomaji unayechungulia barua ya watu: kama una diski ya Red Dead Redemption ya Xbox 360, na nyumbani au kwa rafiki kuna Xbox One yenye mlango wa diski, iweke ucheze, hudaiwi kitu. Kama una Switch, subiri punguzo ununue. Kama una PlayStation 4 pekee, subiri punguzo kubwa zaidi.

Wenu katika kupanda farasi,
Mteja wa Tangu 2010.