Muulize Shangazi Mjuvi

*Shangazi, birika langu la umeme limeota ganda jeupe ndani, na mavyaa anakuja Ijumaa. Nifanyeje? – Mke Mwenye Haya, Mombasa*

Mwanangu, una bahati. Wenzio hukimbilia kwa mganga, wewe umekuja kwangu mimi, niliyempatanisha jirani na mbuzi wake kwa barua moja tu. Mbuzi aliila, lakini walipatana.

Ganda hilo ni chokaa. Maji ya visima vya pwani hupita kwenye mwamba wa matumbawe, na yakichemka huiacha chokaa yake kwako kama mgeni aliyesahau begi makusudi. Kiboko yake ni uchachu wa ndimu, ambao wasomi huuita asidi ya sitriki. Mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliutoa kwenye maji ya limau mwaka 1784. Sifa hiyo ingekuwa yangu, ila nilichelewa kuzaliwa.

Na mambo ya uchachu msimuulize mwingine. Kachumbari yangu ilimrudisha mume aliyetoroka! Alirudi kwa mkewe, sawa, lakini bakuli lilikuwa langu, na mpaka leo sijarudishiwa. Parachichi langu nalo halipigi weusi upesi, kwa kuwa nalipaka ndimu nikishalikata. Watu hudhani ni nyota yangu. Siwakatazi.

Sasa kanunue ndimu ya unga, ile ya kutilia urojo. Usidhani ni ndimu iliyosagwa, hata mdimu haiujui. Mwaka 1917 James Currie alionyesha kwamba ukungu mweusi ukilishwa sukari hutoa uchachu huohuo kwa wingi, na tangu hapo viwandani wanafuga ukungu. Nilipojua hayo nilisusa urojo siku nzima, yaani tangu alfajiri mpaka saa nne asubuhi.

Kuhusu mavyaa, livishe birika kanga, umwambie limefiwa, haliguswi mpaka arubaini. Au mtajie tu kwamba unaniandikia mimi. Atanyamaza kwa heshima.

Lo, mhariri ananikatia nafasi! Haya: maji nusu birika, unga vijiko viwili, chemsha, zima, acha nusu saa. Utaona mapovu, ndiyo chokaa inayeyuka. Mwaga, suuza mara mbili. Usichanganye kamwe na dawa ya klorini, hutoa gesi ya sumu.

Na wewe wa kuku asiyetaga, vuta subira hadi wiki ijayo. Usimchinje.