Namna ya Kukubaliana Kabla ya Kuelewa: Mhadhara wa Bingwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza kuu, wazee wetu, kina mama, na vijana mliofuata soda: itifaki imezingatiwa. Naomba tukae. Waliokosa viti waendelee kusimama kizalendo.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa ufupi unaoumiza. Ametaja tu kwamba mimi ni Bingwa wa Milipuko, Mshauri wa Chanjo na Mlezi wa Mshikamano. Amesahau shahada yangu ya uzamivu, ambayo niliizamia mwenyewe bila kukisumbua chuo chochote. Wenye madaftari waandike. Wenye simu wazizime, isipokuwa wanaonirekodi.

Nianze na msingi wa kisayansi. Janga lolote lina sehemu mbili: ugonjwa na maneno. Ugonjwa tunawaachia manesi. Maneno ndiyo yanayomhitaji mtaalamu, maana homa humlaza mtu mmoja mmoja, bali swali moja likiachwa wazi linaweza kulikeshesha taifa zima. Kwa hiyo nimekuja na kanuni nne, zote zimejaribiwa hapahapa Tanzania, na zote zilifaulu kwa kuwa msahihishaji nilikuwa mimi.

Kanuni ya kwanza: kisichohesabiwa hakigombanishi watu. Machi 16, 2020, tulitangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Shule zikafungwa, ndoo za maji tiririka zikapangwa kwenye milango ya maduka, idadi ya wagonjwa ikawa inatajwa, na kila ilipotajwa watu wakabishana. Ndipo ikatumika hekima. Hesabu ikasimama: wagonjwa 509, vifo 21, basi. Tazameni uthabiti wa namba hizo! Zaidi ya mwaka mzima zilikaa palepale, hazikupanda wala hazikushuka. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wakitangaza kila alasiri, na kila alasiri walijikuta na wagonjwa wengi kuliko jana yake. Wa kumlaumu ni nani, kama si aliyeanza kuhesabu?

Kuna watakaowakumbusha habari ya maabara. Mei 3, 2020, kule Chato, Rais John Magufuli, ambaye alikuwa na udaktari wa kemia, alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipewa majina ya watu, zikapelekwa kupimwa, na nyingine zikarudi na majibu kwamba zina korona. Msomi wa kawaida angesema: basi maabara ikaguliwe, vipimo virekebishwe, kazi ya kupima iendelee. Mimi niliona mbali zaidi. Niliacha kula papai.

Kanuni ya pili: kila tiba ina msimu wake, na bingwa huijua kwa kutazama meza kuu. Katika msimu ule nilihadhiri kuhusu nyungu mpaka sauti ikakauka. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, blanketi zito, na mhadhiri aliye nje ya blanketi. Waziri Palamagamba Kabudi alipokwenda Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba, nilitoa mhadhara kuhusu mimea ya visiwani. Taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa ilipotoa dawa yake, nikahamia mimea ya bara. Kijana mmoja akaniuliza utafiti wa kuthibitisha kwamba inaponya uko wapi. Nikamjibu kwa ushahidi mzito: ametumwa na mabeberu. Alikaa kimya, na kimya chake nimekiweka kwenye orodha ya machapisho yangu.

Dada yangu mwenye sare ya unesi, nakuona. Shusha mkono kwanza. Maswali ni mwishoni, muda ukibaki.

Kanuni ya tatu: mwenye swali ndiye atengwe, si mwenye kikohozi. Hapa nchi ilifanya vizuri. Aprili 2020, leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi sita kwa sababu ya picha ya zamani ya Rais akinunua samaki katikati ya msongamano wa watu. Miezi sita! Hiyo ndiyo karantini, si hizi siku kumi na nne za kitoto. Mwaka huohuo zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na kuandika habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila kibali kukawa kosa. Virusi havikuwa na kibali, lakini angalau havikuandika.

Hata hivyo wakorofi hawakukosekana. Januari 2021 maaskofu Katoliki wakawatahadharisha waumini kuhusu wimbi jipya, kana kwamba hawakusikia kwamba tulikwisha maliza. Kisha chama cha ACT-Wazalendo kikasema hadharani kwamba mwenyekiti wake, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ana korona. Hadharani, tena kwa kuutaja ugonjwa kwa jina lake! Slaidi inayofuata ni ya Februari 17, 2021. Ni siku aliyofariki Maalim Seif, na siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Naona picha ni nyingi. Tuiruke.

Hii nayo ni ya siku chache baadaye: Waziri wa Fedha, Philip Mpango, ametoka mbele ya kamera hospitalini Dodoma kuthibitisha kwamba yu hai, huku kikohozi kikimkatiza maneno. Waliomzunguka walisimama karibu karibu kwa mshikamano wa hali ya juu. Tuiruke pia.

Sasa wazee, ipo methali inayomtaja mficha maradhi na kitu kinachokuja kumuumbua. Methali hiyo nimeiondoa kwenye mtaala. Haijengi.

Machi 2021 tukapata msiba mkubwa wa Rais, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Akaunda kamati ya wataalamu. Sikuitwa, pengine kwa kuogopa kuwafunika wenzangu. Mwezi Mei kamati ikashauri takwimu zitolewe na tujiunge na mpango wa kimataifa wa chanjo, COVAX. Julai zikatua dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na Julai 28 Rais akachanjwa Ikulu huku nchi nzima ikitazama. Alasiri hiyo mimi nilionekana mjini na barakoa mbili. Wenye kijicho wakasema bingwa amegeuka. Sikugeuka! Mimi husimama palepale, nyuma ya Mgeni Rasmi. Aliyesogea ni yeye.

Hivyo tunaingia kanuni ya nne: chanjo ni salama kwa sababu imeagizwa, kama ilivyokuwa hatari kwa sababu haikuagizwa. Mfano ni wizara yenyewe. Februari 2021 Waziri wa Afya, Dokta Dorothy Gwajima, alisema hatuna mpango wa kupokea chanjo, na akatuonyesha namna ya kusaga kinywaji cha tangawizi, vitunguu na malimau. Agosti mwaka huohuo, waziri yuleyule aliagiza Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, ahojiwe na vyombo vya dola kwa kuhubiri dhidi ya chanjo. Bunge nalo likamfungia mikutano miwili. Askofu hakuwa na utafiti wa kupinga chanjo, na aliyemfungia hakuhitaji utafiti wa kumjibu. Hapo ndipo mtaona uzuri wa mfumo wetu: ukiwa na kufuli, ushahidi ni anasa.

Wapo wanaodai kwamba mtu wa kawaida alibaki njia panda, kwamba alikatazwa kuogopa ugonjwa mwaka mmoja, akakatazwa kuogopa sindano mwaka uliofuata, na katikati hakuna aliyemweleza kitu. Nawajibu kwa mwili wangu. Begani nina kovu la chanjo ya kifua kikuu, nililipata nikiwa mchanga. Sikuelezwa, sikuuliza, nililia kidogo nikanyonya nikalala. Huo ndio umri bora wa uraia.

Haya dada, muda umebaki, bahati mbaya. Sema kwa kifupi. Anasema... rudia? Anasema watu waliofika kituoni kwake hawakuuliza habari za mabeberu. Walimuuliza kama ni kweli ukichanjwa damu inaganda. Na yeye akawaeleza! Akawaambia kwamba Aprili 2021 Marekani ilisimamisha chanjo hiihii ya Johnson & Johnson kwa siku kumi kwa sababu ya wanawake 6 walioganda damu, kati ya dozi zaidi ya milioni 6 zilizokwisha kutolewa. Kwamba walitangaza, wakawafundisha madaktari dalili za kuangalia, kisha wakaendelea kuchanja. Eti watu waliposikia hatari ilivyo ndogo, na dalili zipi wakiziona wawahi hospitali, wengi walikunja mikono ya mashati wenyewe.

Dada yangu, huo ni uzembe. Taifa gani linajianika namna hiyo? Na mtu akishajua, utamuunganisha na nini?

Bado anaendelea. Anamtaja Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia, mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, mwaka 1977. Anasema alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu, na baadaye alizunguka kuhimiza chanjo ya polio huku akiwasimulia wazazi kwamba yeye alikwepa na ndui ikampata. Wakamwamini. Wakamwamini kwa sababu hakuwaficha! Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba maelezo haya yasiingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Mpishi hawezi kuingia kwenye mhadhara wa bingwa.

Natoa azimio. Kwamba mkutano huu unaafiki kwa kauli moja kila kilichofanyika mwaka 2020, na kila kilichofanyika mwaka 2021 kukibatilisha. Kwamba atakayeona mgongano kati ya hayo mawili ana matatizo ya macho. Na kwamba likizuka janga jingine, nialikwe mapema zaidi na nauli iboreshwe.

Wanaoafiki waseme ndiyo. Safi sana. Wasioafiki waandike jina kamili, namba ya simu na mtaa wanaoishi kwenye karatasi anayoizungusha yule kijana mwenye miwani myeusi. Dada, kalamu hiyo ni ya kusainia posho, irudishe mezani.

Hakuna mwingine? Basi umoja wa kitaifa umepatikana, saa saba na nusu mchana. Soda ziko nyuma.